Kaa aliyetoka kombeni: jibu kwa mama wa Makorora

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Makorora, hapa Tanga. Mwanangu wa miaka 9 anawapenda sana wale kaa wanaotembea na kombe mgongoni, basi nikamnunulia tangi la kioo la lita 60. Maji tulichota baharini. Kaa watatu wakubwa tuliwaokota wakati wa magharibi chini ya mivinje kule Mwambani, wanne wadogo tuliwatoa kwenye miamba maji yalipokupwa. Wale watatu walikufa kabla ya siku ya tatu. Maji yakipungua naongeza lita moja kila baada ya siku mbili, ya bomba, nimetia vijiko viwili vya chakula vya chumvi ili yawe kama ya bahari. Wiki ya tatu mmoja alitoka kombeni akakaa uchi mpaka akafa, na mwingine akafuata. Wa tatu nilimkuta naye ametoka, amelala mbele ya kombe, nikamtupa. Lakini usiku mtoto akaapa kwamba lile kombe linatembea. Dukani nikapewa dawa ya samaki ya rangi ya buluu, nikatia. Jana mmoja hakusogea tena, amebaki mmoja tu. Nimekosea wapi, na je, twende tukaokote wengine?

Jibu: Marahaba, mama. Kwanza msadiki mwanao. Lile kombe lilikuwa linatembea kweli, na ulichokitupa hakikuwa maiti, lilikuwa ganda. Kaa hakui kama mtoto anavyokua, kidogo kidogo na ngozi yake. Ganda lake la nje ni gumu, halinyooki, kwa hiyo kila akizidi mwili hulipasua, akajichomoa akiwa na ganda jipya laini, na la zamani akaliacha kamili: miguu, magando ya kushikia, hata vifuniko vya macho. Anayeliona mara ya kwanza lazima adhani ni kaa aliyekufa. Siku nyingine liokote uliangalie kwenye mwanga. Ganda ni jepesi, tupu ndani, macho yake yanapitisha mwanga, wala halina harufu mbaya. Kaa aliyekufa ni mzito, na kwa joto letu la Tanga hata siku moja haipiti kabla hajanuka. Ukishajua ni ganda, lirudishe majini, maana mwenyewe atalitafuna ili kurudisha madini yake mwilini.

Sasa wale watatu wa Mwambani. Hao hawakuugua, walizama. Ninajua ni maneno mazito kumwambia mtoto, lakini ajue, kwa sababu kosa hili hufanywa na watu wengi wa pwani waliozaliwa wakiwaona hawa wadudu kila siku. Kaa wa kombe unaowakuta wakati wa magharibi chini ya mivinje, juu ya mstari wa maji kujaa, wakipanda hadi kwenye maganda ya nazi na mabaki ya jikoni, ni wa nchi kavu. Wataalamu huwaita Coenobita. Huvuta hewa kama sisi. Chumba cha matamvua yao kinahitaji unyevu tu, na unyevu huo hutembea nao, maji kidogo yaliyofichwa ndani ya kombe. Jike hushuka ufukweni kuachia mayai, vichanga huelea baharini kwa wiki kadhaa, lakini akishapanda nchi kavu kaa huyu hawezi tena kuishi chini ya maji. Ukimtia kwenye tangi lililojaa, hata maji yawe safi namna gani, anakufa kwa kukosa hewa.

Kuwatofautisha si kazi. Tazama vipapasio. Wa baharini ana viwili virefu vyembamba kama nyuzi, anavipeperusha majini bila kupumzika. Wa nchi kavu vyake ni vinene zaidi, vimepinda kama kiwiko, na vikonyo vya macho yake vimebanwa ubavuni. Na kama huna macho ya kuona hayo, mahali ulipomwokota panatosha. Aliyekuwa kwenye kidimbwi cha kwenye miamba, ndani ya maji, ni wa tangi. Aliyekuwa mchangani pakavu, mwache alipo.

Nikija kwa wale wanne wadogo, hapo ndipo penye somo lenyewe, na somo ni chumvi.

Maji yanapopungua tangini mwako, kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi haipandi na mvuke. Kwa hiyo tangi la lita 60 lililojazwa maji ya bahari lina chumvi gramu 2,100 hivi, maana kila lita ya bahari ina karibu gramu 35. Lita moja ikikauka, gramu zote 2,100 zimebaki mle mle. Wewe ukaongeza lita yenye vijiko viwili, yaani karibu gramu 35 nyingine. Kwa siku 20 umeongeza lita 10, umeongeza gramu 350, na sasa kila lita ina gramu 41. Kaa wa miamba ni mvumilivu kuliko viumbe wengi wa baharini, maana kidimbwi chake hupigwa na jua na mvua, lakini yeye hupata ahueni kila maji yanapojaa, mara mbili kwa siku. Tangini mwako hakuna maji kujaa.

Kinachotakiwa ni kazi ya kalamu. Siku unapojaza, chora mstari kwenye kioo pale maji yalipofika. Yakishuka, ongeza maji yasiyo na chumvi kabisa mpaka mstarini. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, na pampu ya hewa ikipuliza, ili klorini itoke. Ya mvua yanafaa iwapo hayakupita kwenye bati, kwa sababu bati lina zinki, nayo si rafiki wa kaa. Ukiweza kupata haidromita ya maji ya bahari, yaani kipimo cha chumvi yake, isome mara moja kwa wiki: kati ya 1.023 na 1.026 uko salama.

Na hata mahali ambapo chumvi inahitajika, chumvi ya jikoni haigeuzi maji ya bomba kuwa bahari. Hili watu wa Tanga tunapaswa kulielewa kuliko wengine, kwa sababu mashamba ya chumvi tunayaona. Maji yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha. Kitu cha kwanza kutuama ni chokaa, kisha jasi, na hivyo viwili vimekwenda na sehemu kubwa ya kalsiamu. Baada ya hapo ndipo chumvi yenyewe inaganda. Yanabaki maji machungu, mazito, yenye magnesiamu, nayo humwagwa. Kwa hiyo kilichomo kwenye kile kifuko ni sehemu moja tu ya bahari. Kaa anayetaka kujenga ganda jipya anahitaji ile kalsiamu iliyobaki jarubani, karibu gramu 0.4 katika kila lita ya bahari halisi, na magnesiamu gramu 1.3. Hapo sijataja vitu vinavyochanganywa kiwandani ili chumvi isigandamane. Mtu wa Dodoma atanunua chumvi maalumu ya matangi, hana njia nyingine. Wewe unaishi mwendo mfupi kutoka baharini; chota.

Ila chota kwa akili. Ghuba yetu inapokea mito miwili, Zigi na Mkulumuzi, na ndani yake mna bandari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yake hupauka na kuwa na tope. Usichote humo baada ya mvua kubwa. Nenda upande unaotazama bahari kuu, siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kwani wakati huo unapata maji yaliyotoka nje. Dumu liwe lilikuwa la maji au la mafuta ya kula lililosafishwa vizuri. La dizeli halisafishiki hata uliogeshe vipi. Chuja kwa kitambaa cheupe, yaache yatulie usiku mmoja. Kila wiki toa lita 6 za zamani, tia lita 6 mpya. Hiyo ndiyo maji kujaa na kupwa yako.

Sasa uniulize: kwa nini alitoka uchi? Nyuma ya kifua chake kigumu kaa huyu ana tumbo laini lisilo na ganda, limejisokota kuelekea kulia, na mwishoni mwake kuna vikulabu viwili vya kushikilia mhimili wa ndani ya kombe. Ukimvuta anaweza kukatika asiachie. Ndiyo maana huwezi kumtoa kwa nguvu, na ninaomba asitokee mtu wa kumchokonoa. Akiachia mwenyewe, ujue humo ndani pamekuwa pabaya kuliko nje penye hatari zote. Sababu ya kawaida ni maji. Ndani ya kombe maji hayazunguki vizuri, yakiharibika yanaharibika zaidi mle, na yeye anatoka kutafuta pumzi.

Kwako naona sababu mbili zimekutana. Ya chumvi tumeshaisema. Ya pili ni amonia. Tangi jipya halina wafanyakazi. Mkojo wa wanyama, chakula kilichobaki na mizoga hutoa amonia, na baharini kuna bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti, na wengine wa kuigeuza hiyo kuwa naitreti ambayo haina makali. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye mchanga, mawe na sponji ya chujio. Wewe ulitia wanyama saba siku ya kwanza, na watatu wakubwa wakafia humo. Kwa maji ya bahari, yenye pH ya 8 na ushee, na joto la nyuzi 28 au 30, amonia ile ile huwa na sumu kali zaidi kuliko kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Wiki ya tatu ni wakati ambao ningetarajia balaa, na balaa lilikuja wiki ya tatu.

Lakini aliyenihuzunisha zaidi ni huyo wa jana, kwa sababu aliponea yote mawili. Dawa ya samaki ya buluu huenda ikawa ni shaba. Soma kibandiko: ukiona neno kopa au salfeti ya shaba, ni ule ule mrututu unaouzwa sokoni kwa ajili ya mimea. Kwa samaki mwenye vimelea vya ngozi ni tiba, kwani vimelea hufa kabla ya samaki. Kaa, kamba na kome hufa pamoja na vimelea. Utasikia mtu akisema kaa anahitaji shaba, na ni kweli kwamba damu yake inabeba hewa kwa shaba kama yetu inavyobeba kwa chuma, ndiyo maana ina rangi ya buluu. Ila hiyo ni shaba kidogo aliyoipata kwa chakula na kuifunga ndani ya damu. Iliyoyeyuka majini inamshambulia kwenye matamvua.

Kwa hiyo leo, kabla hujamaliza kusoma kama inawezekana, mtoe huyo mmoja aliyebaki. Mtie kwenye beseni safi la plastiki lenye lita 10 au 15 za maji mapya ya bahari, pampu ya hewa ikifanya kazi. Kwa kuwa maji yake ya sasa yana chumvi nyingi kuliko anayohamia, usimtumbukize ghafla: mweke kwenye bakuli na maji yake ya zamani, umwongezee mapya kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa moja, ndipo umhamishe. Badilisha nusu ya maji ya beseni kila siku kwa wiki nzima.

Tangi limwage. Kama dawa ilikuwa ya shaba, mchanga na mawe uliyokuwa nayo usiyatumie tena kwa kaa, kwa sababu chokaa ya matumbawe hunyonya shaba na kuirudisha majini polepole baadaye. Sponji nayo itupe. Kioo kisugue, kisuuze mara nyingi, kikauke juani.

Kuna jambo hukuliandika ila nitauliza, maana Tanga mbu tunao. Mnapuliza dawa ya mbu chumbani, au mnachoma ile ya mzunguko? Zote kwa kawaida zina sumu za kundi la pairethroidi, ambazo kaa na kamba huzidiwa nazo kwa kiasi kidogo mno, maana ni ndugu wa mbali wa mdudu yule yule mnayemfukuza. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Chumba chenye tangi kisipulizwe. Mbu wazuieni kwa wavu wa dirisha na chandarua.

Kuhusu kwenda kuokota wengine: bado. Jaza tangi upya, mchanga mweupe wa chokaa sentimita 3 hivi chini, mawe yaliyokufa yaliyopangwa yasiporomoke, na jiwe moja lipande hadi juu ya maji, kwani kaa wa miamba hupenda kukaa nje saa kadhaa. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha kwa tangi la ukubwa huo. Tafuta pampu yenye betri kwa siku ya umeme kukatika, kwani maji ya joto hubeba hewa kidogo. Mfuniko wa wavu ni lazima, la sivyo watapanda bomba la hewa na utawakuta uvunguni. Tia kipande cha kamba mbichi kikubwa kama ukucha kioze humo kuwalisha bakteria, na upime amonia na naitraiti kwa vikaratasi vya kupimia. Zikipanda kisha zikashuka hadi sifuri, tangi limeiva. Huyu mmoja anaingia kwanza, peke yake. Mkiongeza, wasizidi watatu, wote wadogo.

Tena muwajue mnaowachukua. Mwenye miguu ya kijani iliyokolea yenye ncha za manjano, ambao wamejaa kwenye miamba yetu, ni Clibanarius virescens, mpole, anakwangua mwani siku nzima. Mwenye gando la kushoto kubwa jeupe linaloziba mlango wa kombe kama kifuniko ni Calcinus laevimanus, naye anafaa. Mwekundu mwenye madoa meupe na manyoya miguuni, Dardanus megistos, hata akiwa mdogo na mzuri mwacheni baharini. Hufika ukubwa wa mkono wa mtu mzima na atawatafuna wenzake wote. Yuko nduguye, Dardanus pedunculatus, anayebandika anemoni juu ya kombe lake ili pweza akimnyoshea mkono aungue. Akihamia kombe jipya huwabandua anemoni wake na kuhama nao. Mwelezeni mtoto habari zake, ila kumfuga ni kazi ya mtu mwenye tangi kubwa na miaka ya uzoefu.

Kabla ya kuchukua chochote upande wa kusini mwa mji kuelekea Pangani, ulizeni kwanza. Tangu 2009 sehemu kubwa ya ukanda ule imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, na ndani ya hifadhi viumbe havichukuliwi bila kibali. Matumbawe hai msiguse popote. Ninasema hivi kwa uchungu kidogo, maana kaa hawa hawazaliani kwenye matangi ya nyumbani. Vichanga vyao vinahitaji bahari ya kuelea. Kila mmoja aliye tangini ametolewa pwani.

Chakula ni jambo dogo. Kipande cha dagaa asiyetiwa chumvi au cha kamba, kikubwa kama punje ya mchele kwa kila kaa, mara tatu kwa wiki, na kijipande cha mwani kama ule unaolimwa pwani yetu. Kilichobaki asubuhi kitolewe. Wengi huwaua kwa kuwalisha kupita kiasi, sijaona aliyewaua kwa njaa.

Kombe ndilo jambo kubwa. Kaa akikua kombe linambana, na asipopata jingine atadumaa, au atamuua kome aliye hai achukue lake, au atapigana na mwenzake mpaka mmoja atoke uchi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kaa kutoka. Kwa kila kaa weka makombe matatu hadi matano, mlango wa kila moja uwe mkubwa kidogo kuliko wa lile analovaa, mazima yasiyotoboka, yenye mlango wa duara kama yale ya kome. Yasiwe yamepakwa rangi. Msiyakusanye ufukweni kwa ndoo, kwani huko nako kuna kaa wanaoyatafuta. Chukueni yale yaliyobaki kwa watu waliokwisha kula kome wake, myachemshe dakika 15 kwa maji matupu, yapoe, ndipo yaingie.

Kaa aliyetoka kujivua ganda hujificha siku kadhaa. Msimtafute. Akirudi kutembea, mtieni kombe jipya jioni na mkae naye taa ikiwa hafifu. Atalijia, atalipapasa nje kwa vipapasio, atalibingirisha, atatia gando ndani mpaka mwisho kupima kina na kutoa mchanga. Anaweza kufanya hivyo nusu saa nzima. Kisha atalishika mlango kwa mlango na lake, na mwambie kijana asipepese macho, kwa sababu kuhama kwenyewe hakumalizi hata sekunde mbili.